Mtoto wa Kuazima

Juzi nilikwenda stendi ya Songea kuchukua mzigo uliokuja na basi, na tangu siku hiyo jiko langu linanuka vitu viwili ambavyo watu wengi hawajawahi kuvikuta chumba kimoja: usipa na kahawa. Usipa ni wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, wembamba kama kidole cha mtoto, wanaoanikwa juani mpaka wakakauka na kuanza kumeta. Walikuwa wamefungwa ndani ya gunia la kahawa, gunia kuukuu ambalo halijabeba kahawa kwa miaka mingi lakini limekataa kusahau kazi yake ya zamani. Nililifungua, nikainamisha uso, nikavuta pumzi kama mtu anayejifukiza. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Yeye si mtu wa ziwani wala wa milimani. Kwao wanalima alizeti, na alizeti haina harufu ya kumliza mtu.

"Hilo gunia tulitupe," alisema. "Limetoboka."

Kabla sijamjibu, simu ikalia. Alikuwa Mama Mkubwa, dada yake mama yangu. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za kila mtu hadi kuku, alisema: "Usipa kuleni wote. Ila gunia langu nalitaka."

Mume wangu alicheka, akaniuliza bibi wa watu anataka gunia bovu la kazi gani. Mimi nilivuta kigoda nikakaa. Nilijua vizuri sana gunia lile linatakiwa kwa kazi gani, na kama mna muda, wasomaji wangu, nitawaeleza. Ni habari ya neno moja la Kiswahili na maneno mawili ya Kiingereza, na mtoto aliyekwama katikati yake.

Nilizaliwa mwambao wa ziwa, upande wa Lipingo, katika nyumba iliyojaa watoto. Tulikuwa wengi kiasi kwamba mama akitaka kumwita mmoja wetu alipitia kwanza majina ya wengine wote, kama mwalimu anayeita mahudhurio, na mara nyingi alipofika kwenye jina lenyewe alikuwa amesahau alichotaka kumtuma. Baba alivua na kulima muhogo. Mama alishinda kwenye vichanja vya usipa, akigeuza samaki kwa viganja, akifukuza kunguru kwa mdomo tu, maana alikuwa na msonyo ambao kunguru wa kijiji kizima waliuheshimu.

Mama alikuwa na dada mmoja, aliyeolewa milimani Mpepai, wilaya ya Mbinga, na Mmatengo mkulima wa kahawa. Aliondoka kwetu Mwanglikana, akafika huko Mkatoliki. Bibi yetu alisema barabara yenyewe ina kona nyingi, lazima kitu fulani kidondoke njiani. Kila alipokuja kututembelea, watu wazima walishusha sauti na kuambiana kwamba maskini, watoto wake hawakukaa. Mimi nilidhani walikuwa watoto watundu, wasiopenda kuketi chini kama watu wengine. Nilitamani sana kuwaona watoto wa namna hiyo.

Siku moja Mama Mkubwa alikuja, akakaa na mama pale kwenye vichanja, na baada ya mazungumzo marefu ya mvua na bei ya mahindi akasema, kwa sauti ileile ya mtu anayeomba chekeche, "Mdogo wangu, niazime mtoto mmoja."

Mikono ya mama haikusimama. Aligeuza usipa wa kichanja kile chote mpaka mwisho, akahamia cha pili, ndipo akasema, "Mchukue Esta. Huyu anakula kidogo na kusema sana. Atakuchangamsha."

Esta ndiye mimi. Asubuhi ya safari mama alinipaka mafuta mpaka nikawa nateleza, akanisimamisha mbele yake. "Sikiliza," alisema. "Hujahama. Nimemwazima dada yangu, basi. Umwamkie kila asubuhi, na usimchoshe kwa maswali." La kuamkia nilitii. Kuhusu hilo la maswali, mtaona wenyewe.

Tulipanda nyuma ya lori, juu ya magunia, barabara ya vumbi ikipanda na kujikunja mpaka masikio yangu yakaziba. Ziwa lilionekana, likapotea, likaonekana tena dogo, kisha halikuonekana kabisa. Tulipofika Mpepai nilitazama huku na huku, nikauliza, "Ziwa lenu liko wapi?" Baba Mkubwa, mtu mpole asiyependa kumvunja moyo mgeni, akanionyesha kwa kidole kijito kilichopita chini ya migomba. Nililia papo hapo.

Kila kitu kilikuwa kigeni. Miteremko ilichimbwa mashimo mashimo mpaka juu kabisa, yale mashamba ya ngoro ya Wamatengo, na mtoto wa mchangani kama mimi nilidhani wamepoteza kitu kikubwa sana wakawa wanakitafuta. Ugali ulikuwa wa mahindi, mweupe, usio na ule uchachu wa muhogo, nami nikasema haujaiva. Baridi ilikuwa baridi kweli. Mama Mkubwa alinifumia sweta kwa nyuzi alizokuwa nazo, na kwa kuwa nyuzi nyekundu ziliisha njiani, mkono mmoja ulikuwa mwekundu na mwingine wa kijani, na huo wa kijani ulikuwa mrefu zaidi. Nilikuwa navuta vidole ndani ya ule wa kijani wakati wote wa masika.

Lakini jambo ninalolikumbuka kuliko yote ni gauni la shule. Kila asubuhi, kabla hajaniamsha, Mama Mkubwa alilichukua gauni langu akalishika karibu na moto, akiligeuza upande huu na upande ule, mpaka lote likawa na joto. Halafu alinivisha haraka kabla joto halijatoka. Kwetu ziwani tulivaa chochote kilichokuwa juu ya kamba, na aliyechelewa kuamka alivaa kilichobaki. Hakuna mtu aliyewahi kunipashia nguo moto. Nilikwenda shuleni nanukia moshi na kahawa, nimejaa majivuno.

Majirani walipouliza mtoto huyu ni wa nani, Mama Mkubwa alijibu bila kusita: "Wangu. Nimepewa na mdogo wangu."

Mwanzoni nililipenda jibu hilo. Kisha likaanza kunichoma. Mama alisema ameazima, huyu anasema amepewa. Nilijifariji kwamba watu wazima wana namna yao ya kusema. Likizo ya Juni ikafika, na Juni kwa wenye kahawa ndiyo msimu wenyewe. Watu wanachuma, wanamenya, wanaosha, wanaanika, na uwanja mzima unanuka utamu uliochachuka. Mama Mkubwa akasema, "Kahawa haijaisha, mwanangu. Utakwenda Desemba." Nikachuma kahawa pamoja nao, vidole vikiwa vinanata, nikaanza kuhesabu kwamba Desemba haiko mbali.

Wakati huohuo mama mmoja jirani alikuja kuazima khanga ya kwendea arusini. Alipotoka, Baba Mkubwa alisema, "Nguo ya kuazima haisitiri matako," akacheka peke yake mpaka akakohoa. Ni methali ya kawaida, mnaijua. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sikucheka. Kama nguo ya kuazima haifai kitu, nilijiuliza, je, mtoto wa kuazima?

Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Komba na Kiingereza chake. Alikuwa mrefu, mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, na alipenda kutufundisha maneno yanayochanganywa kuliko kitu chochote katika silabasi. "Haya ni mapacha," alikuwa akisema. "Mgeni huwachanganya. Mama yao hawachanganyi hata gizani. Nataka muwe mama yao." Tulifundishwa kwamba mwalimu anafanya teach na mwanafunzi anafanya learn, na mtu atakayesema "teacher, learn us" atabaki kufagia. Tulifundishwa tofauti ya look for, ambayo ni kutafuta, na look after, ambayo ni kutunza. Mwalimu akamwuliza Longino, niliyekaa naye dawati moja, baada ya shule hufanya nini. Longino akajibu kwa kujiamini, "I look for the goats."

"After!" alisema Mwalimu. "Look after. Unawachunga."

"Hapana, Mwalimu," alisema Longino kwa Kiswahili, kwa huzuni ya kweli. "Wanapotea kila siku."

Ikabidi Mwalimu Komba akubali kwamba kwa mbuzi wa akina Longino maneno yote mawili ni sahihi.

Ni Longino huyohuyo aliyenyanyuka asubuhi moja, penseli yake imekatika ncha, akasema, "Teacher, borrow me pencil."

Mwalimu Komba aliweka mikono kiunoni. Huo ulikuwa ugonjwa wa darasa zima na alikuwa ameungoja. "Borrow you?" alisema. "Nikuazime wewe, Longino? Si lazima kwanza nikamwombe baba yako? Na nikishakuazima nitakufanyia nini, nikuandikie ubaoni?" Darasa lilianguka kwa kicheko. "Watu hawaazimwi!" alisema Mwalimu, naye akicheka. "Huazimwa vitu!"

Nikanyoosha mkono. Sijui nani aliunyoosha, maana mimi mwenyewe sikuwa nimekusudia. "Mwalimu," nilisema, "mimi nimeazimwa."

Vicheko viliongezeka kidogo, kisha vikaisha, kwa sababu Mwalimu hakuwa anacheka tena. Namshukuru mpaka leo kwa hilo. Angeweza kuniambia nikae chini. Badala yake aliuliza, taratibu, "Umeazimwa na nani?"

"Na Mama Mkubwa. Mama yuko ziwani, ndiye aliyemwazima."

Alichukua chaki, akachora nyumba mbili ubaoni. Moja chini, akaizungushia mistari ya mawimbi. Moja juu, akaiwekea milima. Katikati akachora mtu mdogo mwenye gauni. "Tazameni," alisema. "Mama wa chini anatoa. Huyo ana-lend. Mama wa juu anapokea. Huyo ana-borrow. Esta ni yuleyule, hakubadilika hata unywele. Kiswahili kinasema kuazima huku na huku kwa sababu kinamtazama Esta. Kiingereza kinatazama mikono ya watu." Akaongeza, "Lakini kwa maneno yote mawili, kitu hurudi."

"Na kisiporudi?" aliuliza Longino, mtu wa mbuzi wanaopotea.

"Hapo sasa ni give," alisema Mwalimu Komba, akaliandika chini ya nyumba zote mbili, akalipigia mstari. Kengele ikalia. Watu wakatoka kwenda kucheza. Mimi nilibaki nikilitazama neno lile mpaka aliyekuwa zamu akalifuta.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na swali lenye sura. Lend au give? Nilikwenda nalo kisimani, nikalala nalo. Novemba ilipokaribia kwisha nilimkumbusha Mama Mkubwa habari za Desemba, akasema barabara itakuwa na utelezi. "Tutaona," alisema. Tutaona ya mtu mzima, wasomaji wangu, mnaijua maana yake.

Alasiri moja alikuwa amekaa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Baba Mkubwa alikuwa ndani na redio yake. Nilisimama mbele yake.

"Mama Mkubwa, mimi ni lend au give?"

"Lendi?" aliinua uso. "Lendi ndiyo nini? Mnafundishwa matusi huko shuleni?"

"Nimeazimwa au nimepewa?"

Ungo ulisimama. Ndani, redio ikapunguzwa sauti. Mama Mkubwa alitazama maharage kwa muda mrefu, kama vile jibu limo mle na linahitaji kutolewa pamoja na mawe.

"Nani kakuuliza hayo?"

"Hakuna. Mama alisema amekuazima. Wewe unawaambia watu umepewa."

"Nilisema hivyo kwa watu," alijibu polepole. "Neno ukilisema sana, mwisho unaliamini mwenyewe." Akaweka ungo chini, akaingia jikoni. Nilimsikia anapuliza moto, akapuliza na kupuliza, ingawa moto wenyewe nilikuwa nauona mlangoni unawaka vizuri kabisa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Nami nilikuwa mtoto, nikaamini ni moshi.

Shule ilipofungwa, hakusema tena habari za utelezi. Alichukua kapu lake kubwa la ukindu, akalijaza maharage na kahawa, akalifunika, tukapanda lori la kushuka. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda, na mimi nilikuwa nimesimama nimeshikilia ubao wa lori, nanusa, nanusa, mpaka nikalipata ziwa puani kabla sijalipata machoni. Nilipiga kelele. Nikageuka kumwonyesha, naye akanitazama mimi, hakulitazama ziwa.

Mama alikuwa pale nilipomwacha, kwenye vichanja, kana kwamba hajaondoka tangu Januari. Alimwamkia dada yake, akanishika kichwa kwa mkono wenye magamba ya samaki, na harufu ile ilinifanya nitake kulia na kucheka. Nilisikia yote waliyosema kwa sababu nilikuwa nimejibana kwenye khanga ya mama.

"Mdogo wangu," alisema Mama Mkubwa, "nimekurudishia mtoto wako. Asante kwa kuniazima."

"Mbona umekuja na uso wa msiba, dada? Kwani nimekudai?"

"Hujanidai. Yeye ndiye ameuliza."

Mama alinitazama, akamtazama dada yake. Alinyanyua kapu alipeleke ndani, alimwage, alijaze usipa, kwa maana kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Sahani ya jirani, bakuli, kikombe, hata kama una ndimu moja tu nyumbani, utaiweka ndimu hiyo. Lakini Mama Mkubwa aliweka mkono juu ya kapu.

"Liache," alisema. "Usilimwage sasa. Kapu hilo nakuazima. Utanirudishia siku yoyote."

Na kesho yake akapanda lori kurudi milimani, mikono mitupu, mtu ambaye sikuwahi kumwona anatembea bila kubeba kitu. Nilimpungia. Hakugeuka, nikadhani hakuniona.

Mama alipomwaga maharage alikuta kitu chini kabisa ya kapu. Alikikung'uta, akakinyanyua juu. Ni sweta langu, mkono mmoja mwekundu, mmoja wa kijani. Kaka zangu walicheka sana. Sweta Lipingo, Desemba! Mama hakucheka. Alilipima mkono kwa mkono, akaona ulivyozidi, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye sanduku lake la nguo za kanisani. Kapu akalitundika ukutani.

Likizo ile ilikuwa tamu. Niliogelea mpaka macho yakawa mekundu, nikala muhogo na samaki aina ya mbasa wa kuchoma, nikaimba Krismasi kanisani kwetu kwa sauti ya mtu aliyerudi kutoka mbali. Ndugu zangu waliniita Mmatengo. Walisema nimekuwa mtu wa kupuliza uji hata uliopoa. Na kweli kulikuwa na mambo. Mara mbili tatu nilimwita mama "Mama Mkubwa", akaitika tu. Asubuhi, kabla sijafumbua macho, nilikuwa nanyoosha mikono juu nikingoja gauni lenye joto, halafu nakumbuka niko wapi, nashusha mikono, na jua lenyewe limeshaanza kuchoma. Sikumwambia mtu. Nilitazama kapu ukutani nikajiuliza anabebea nini huko aliko.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mama alilishusha kapu lile. Alilijaza usipa, ule mzuri, uliokauka sawasawa, mpaka ukafika juu, akalaza sweta juu yake, akaanza kulifunga kwa kitambaa. Tulikuwa tumekaa wote sebuleni. Mama alikuwa ameinama, anakaza fundo.

"Nani atampelekea dada kapu lake?" aliuliza.

Ndugu zangu wote walitazama miguu yao. Walikuwa wamekwisha kusikia habari za baridi na ule ugali. Ndipo niliposikia sauti yangu.

"Mimi."

Mama hakuinua uso. Fundo lile lilimchukua muda mrefu sana. "Na utanirudia lini?"

"Likizo."

"Haya," alisema, bado ameinama. "Usirudi mikono mitupu."

Nilipofika Mpepai nilimkuta Mama Mkubwa uwanjani, anafagia majani ya migomba. Aliniona, akasimama. Kwanza alilipokea kapu, akalitua chini, akafungua fundo, akatazama ndani kwa muda. "Mdogo wangu amelijaza mno," alisema. Ndipo alipokaa chini hapohapo kwenye udongo, na gauni lake safi, akanivuta nikamwangukia, na safari hii hakuna aliyesema habari za moshi.

Tangu siku hiyo, mtu akimwuliza mtoto huyu ni wa nani, jibu lilibadilika. "Nimeazima," alisema. "Kwa mdogo wangu." Na alilisema kwa fahari kuliko alivyowahi kusema lile la kupewa.

Nilimaliza shule ya msingi hivyo, nikipanda na usipa, nikishuka na kahawa na maharage. Na kapu lile halikuwahi kusafiri tupu. Leo mimi ni mwalimu, na nadhani mmekwisha kubahatisha somo langu. Kila mwaka kuna mtoto anayenyanyuka kusema "borrow me", darasa linacheka, nami nachora nyumba mbili ubaoni, moja yenye mawimbi, moja yenye milima. Wanafunzi wangu hudhani ni mazoea tu ya mwalimu asiyejua kuchora kitu kingine.

Kuna mambo niliyachelewa kuyaelewa. Nilielewa "hawakukaa" nilipokua na kuvitambua vile vilima vidogo vya udongo pembeni ya migomba, ambavyo Mama Mkubwa alivipalilia kila Jumamosi na mimi nikidhani ni vitunguu. Nikaelewa basi ni mtu wa namna gani niliyesimama mbele yake barazani na kumwuliza lend au give. Angeweza kuniambia nimepewa, nami ningeamini. Alikuwa na kila sababu. Badala yake alinijazia kapu akanirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Nakushukuru, Mama Mkubwa. Sijui kama nimewahi kukuambia kwa maneno haya.

Na mama yangu. Kwa miaka mingi nilidhani aliniazima mimi kwa kuwa nilikuwa wa ziada; katika watoto wengi vile, mmoja akipungua nani ataona? Nilipomaliza chuo nilimwuliza, kwa utani, kama walinikumbuka. "Ulipoondoka wewe," alisema, "nyumba ilinyamaza." Akaendelea kugeuza usipa wake. Kumbe hakuazima kilichozidi. Kuzaa si kazi, kazi kulea, wanasema, na mimi nililelewa na wawili, mmoja akinilea kwa kunishika na mwingine kwa kuniachia.

Baba Mkubwa alipofariki, Mama Mkubwa alishuka kwenda kukaa na mdogo wake ziwani. Alibeba nguo, sufuria, na magunia ya kahawa yaliyokwisha kazi, maana kapu lilishachakaa. Sasa wako wawili, wazee, wanagombania jiko na zamu ya kufukuza kunguru. Watoto wote tumetawanyika. Na juzi wamenitumia usipa ndani ya gunia, na wanataka gunia lao.

Nina binti mmoja tu. Anaitwa Tumaini, yuko darasa la tatu, anakula kidogo na kusema sana. Likizo inaanza wiki ijayo. Jana nimenunua sukari, mchele, sabuni na khanga mbili zinazofanana ili wasigombane, nikavipanga ndani ya gunia, nikamwita mume wangu akae, nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi. Hakucheka tena. Alilitazama gunia, akamtazama mtoto, akasema, "Mwezi mzima?" Kisha akatoka nje, akaenda kutafuta kamba nzuri.

Tumaini alikuwa amekaa sakafuni ananitazama ninavyofunga.

"Nani atawapelekea bibi zako gunia lao?" niliuliza.

"Mimi!" alisema, kabla sijamaliza.

Sikuinua uso. Niliinama, nikaendelea kukaza fundo. Fundo lenyewe lilikuwa limeshakaza.